Kichupa Nilichokitoa Juani

Shikamoo, Mzee Kanti.

Nimetanguliza salamu ingawa najua marahaba haitarudi. Ni wewe uliyenizoesha kutovuka kizingiti cha duka kabla ya kuamkia, hata siku nilizokuja na ubishi tayari mdomoni. Nawe wajua kwamba siku zisizo na ubishi zilikuwa chache.

Tangi la daktari wa meno kule Posta linaishi. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu tutie samaki, nao wanakula. Uliliacha likiwa kioo kitupu kimeegemezwa ukutani, kwa hiyo nitakusimulia kwa mpangilio. Ulichukia nilipokimbilia hitimisho.

Lakini kwanza niseme jambo ambalo kiburi kilinizuia kulisema ukiwa hai. Sikuingia dukani kwako kuomba kazi. Niliingia kukusahihisha. Nilikuwa na shahada ya elimu ya wanyama, suruali moja ya heshima, na bahasha ya maombi yaliyokosa majibu, kwa kuwa serikali ilikuwa inapunguza watu badala ya kuajiri. Nikasimama mbele ya tangi lako, Kariakoo nzima ikipiga kelele nyuma yangu, nikakuambia jina uliloliandika chini ya samaki yule si lake. Ulinitazama juu ya miwani, ukasema, "Jina unalijua, Profesa. Je, unajua anakula nini?" Sikujua. Kesho yake nilirudi na jibu, na nikabaki miaka mitatu.

Asante kwa swali lile.

Nakumbuka pia siku ya turubai. Vichupa vya kupimia maji vilikuwa vimeanza kuingia nchini na bidhaa nyingine zote zilizojaa mitaani baada ya milango ya biashara kufunguliwa, nami nikavishangilia kama mtu aliyeletewa hukumu ya kesi yake. Kabla ya hapo ulipima kwa pua na kwa subira: ulidondosha kipande cha kamba wa baharini kwenye tangi jipya, ukakiacha kioze, ukasubiri wiki kadhaa. Nilikufundisha, eti, kwamba uozo ule huzaa amonia, na kwamba vijidudu visivyoonekana huota juu ya mawe na kuila sumu hiyo. Ulisikiliza kwa adabu. Ulikuwa ukivifuga vijidudu hivyo tangu sijazaliwa, ila hukuwahi kuvipa jina.

Jirani yetu Bwana Salim, muuza viungo, hakuacha kututania: "Wenzenu wanafuga kuku, nyinyi mnafuga maji!"

Siku hiyo ulikuwa umekwenda hekaluni. Nikapima maji ya tangi jipya nikiwa mlangoni. Dawa ya kupimia amonia hubaki njano maji yakiwa salama, hugeuka kijani yakiwa na sumu. Niliona njano, njano safi kabisa. Nikatia samaki wanne walioagizwa na mteja mmoja wa Upanga. Uliporudi walikuwa wanahema juu ya maji. Nikakuonyesha kadi ya rangi, nikakusomea maelekezo, nikataja hata ukurasa wa kitabu changu cha chuoni. Hukubishana. Ulichukua kichupa, ukavuka barabara hadi palipokuwa na jua, ukakiinua. Kilikuwa kijani kama jani la mgomba.

Asubuhi ile Bwana Salim alikuwa ametandaza turubai jipya la njano, likafunika mlango wake na wetu, na mwanga wote chini yake ukawa wa njano.

"Kitabu chako hakilijui turubai la Salim," ulisema. Ni hayo tu. Kila siku nilikuwa nikikuona ukitoka nje na kichupa, nikadhani ni mazoea ya mzee anayetafuta upepo. Sikuwahi kukuuliza. Mteja alipokuja kufuata samaki wake, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya mapipa, nilikusikia ukimwambia, "Tumekosea." Wewe ulikuwa hekaluni, Mzee. Ulikosea nini?

Sasa habari za baada yako.

Moyo wako uliposimama, wanao walikuaga kwa moto, kwa desturi yenu, na majivu wakayakabidhi bahari. Nilisimama nyuma kabisa, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Baada ya wiki chache, wanao wa kiume walitaka duka liwe la redio na televisheni. Binti yako Hansa aliwasikiliza, kisha akanigeukia mbele yao: "Lipo tangi moja aliloliahidi Baba. Likiishi, duka linabaki la samaki na wewe unalisimamia. Likifa, tunafunga."

Nilivuka kwenda Kigamboni na mapipa, nikachota bahari ikiwa imejaa, kwa kuwa ulikataza maji ya karibu na bandari. Mkokoteni ukayafikisha Posta. Nikapanga mawe ya matumbawe, nikadondosha kamba wako, nikaanza kufuga maji mbele ya wagonjwa wa meno. Wiki ya pili harufu iliwashinda. Wiki ya tatu mawe yakavaa utando wa kahawia, na mikono ikaniwasha nisugue kila kitu, nikaikunja. Wiki ya tano daktari alikuwa amealika wageni. Akasema, mbele ya muuguzi na Hansa aliyekuja kukagua, "Kijana, niliagiza samaki. Sikuagiza maji."

Nikapima chini ya taa zake za njano. Njano. Mzee, nilitamani sana njano ile iwe kweli. Hansa alikuwa akinitazama, na duka zima lilikuwa ndani ya kichupa kile. Nikateremka ngazi, nikatoka barabarani, nikakiinua juani watu wakinipita na kunishangaa.

Ukijani ulikuwepo, hafifu.

Nikapanda. Nilikuwa na hoja kumi, na mimi si mtu wa kuziacha. Nikasema neno moja: "Bado." Wageni walikuja, wakatazama mawe na maji. Tulipokuwa tukirudi Kariakoo, Hansa aliniuliza, "Baba ndiye aliyekufundisha kutoka nje?"

Siku tisa baadaye rangi ilikuwa njano, juani na ndani. Sumu ya pili, ile inayoifuata amonia, nayo ilikuwa imekwisha. Tukatia samaki wawili wadogo wa buluu. Siku hizi daktari huja mapema kabla ya wagonjwa na kuvuta kiti mbele ya tangi. Jana, tulipokwenda kuwalisha, alimwita Hansa: "Njoo uone, anatoka pangoni!" Na wale kaka zake wamepeleka redio zao mtaa mwingine.

Sina kaburi lako la kulipalilia. Nina bahari ninamochota maji, na naichota kwa adabu.

Kwaheri, Mzee wangu. Nakuahidi kwamba sitalitamka neno "tayari" nikiwa chini ya turubai la mtu, wala chini ya taa, wala chini ya shahada yangu. Na atakayefanya kazi nami, akikosea, nitamwambia mteja vile ulivyomwambia wewe.

Ni mimi,
Profesa