Mlima wa Jumamosi za Kaka

Jumamosi, 3 Mei

Leo nimepanda baiskeli ya marehemu kaka. Shemeji kaniomba. Kila Jumamosi mumewe alikuwa anakwenda wapi, akirudi jioni hoi, jasho tupu, mdomo kaufunga? Anahisi kuna nyumba ndogo. Nikamwambia niachie mimi — mimi niliyeshindana na treni, ikafika stesheni nimeshaoga!

Njiani pancha. Fundi akaziba, pesa akakataa. Akaitazama sana baiskeli, mpaka keria ya nyuma. "Nenda tu, mzee." Mbele, mama muuza maji kanikimbilia na chupa. Bure! Sielewi. Labda sifa zangu zimefika huku.

Halafu mlima. Nusu tu, pumzi kwisha. Nikageuza.

Shemeji mlangoni: umeona nini? Sasa niseme mlima umenishinda, mimi? Nikasema juu kule kuna nyumba, mwanamke mnene wa haja, viatu vya kaka viko mlangoni.

Akaingia ndani. Hakuaga.

Jumapili, 4 Mei

Picha ya kaka haipo ukutani. Msumari tu.

Watoto wananiuliza: Baba Mdogo Redio, ni kweli? Nikasema kweli. Nikaongeza na mbwa mkali. Mdomo huu hauna breki.

Jumamosi, 10 Mei

Nimerudi kule. Sijui kwa nini. Labda nyumba ipo kweli!

Pale pale pa juzi nikaanza kuyumba. Ghafla baiskeli ikawa nyepesi. Nageuka — mtu ananisukuma! Mkokoteni wake kauacha chini, jiwe kwenye gurudumu. Simjui, hanijui. Nikasema bwana, niache, mimi bingwa. Akasema bingwa kanyaga basi, usinilalie!

Kileleni wakatukusanyikia wasukuma mikokoteni. Wakauliza: mwenye baiskeli hii yuko wapi? Kila Jumamosi, siku ya soko, alikuwa anaiegemeza pale chini na kutusukuma mmoja mmoja mpaka juu. Kutwa nzima. Nikauliza, mlimpa nini? Wakacheka. Hata jina hakutuambia.

Nikawaambia tumemzika. Wakavua kofia. Yule aliyenisukuma akakaa chini barabarani.

Nyumba hakuna. Hata kibanda. Upepo tu.

Kaka, mbona hukusema? Mimi ningesukuma mkokoteni mmoja, ningesimulia mwaka mzima!

Jioni. Nimemweleza shemeji yote. Kacheka — kicheko kibaya. "Juzi mke mwenzangu, leo malaika. Kesho utamwotesha mabawa." Nikaapa. Akauliza mikokoteni mingapi. Nikasema mia mbili. Ilikuwa sita, saba hivi! Nani kanituma?

Jumapili, 11 Mei

Asubuhi. Shemeji kavaa viatu. Anataka nimpakie, akaone mwenyewe, iwe mke mwenzake au iwe hao watu wangu. Asipoona watu, nguo za kaka zote anatoa, na picha anachoma.

Nikamwambia leo si siku ya soko, shemeji, mlimani hakuna mtu, ngoja Jumamosi. Akasema: "Ili upate nafasi ya kuwapanga?"

Ukweli ninao, mzima, na hauna pa kukaa. Uongo wangu ulikaribishwa mpaka sebuleni!

Nimejifungia huku naandika, eti natafuta pampu. Pampu ninayo mkononi. Shemeji keshakaa kwenye keria. Anapiga kengele.

Wawili juu ya baiskeli moja, mlima ule, na leo hakuna wa kutusukuma.

Anapiga tena.