Isale Bila Kosa

Jumamosi, Tengeru. Ukungu tangu asubuhi, Mlima Meru hauonekani kabisa. Mimi wala sijali. Leo ni wiki ya tatu tangu niolewe, na nikimsikia Elibariki ananawa uso uani, moyo bado unanienda mbio.

Kwa hiyo nina furaha. Ila nina hasira pia, na walionitia ni wazee wa chama.

Chama hiki kinachojisifu kulinda desturi kimegundua kwamba vijana hatukipigii kura. Leo kikaitisha mkutano wa kutuvuta. Viti vikapangwa chini ya turubai, wazee wakavikalia vyote, vijana tukasimama kwenye matope. Mwenyekiti akatusalimia, "Mambo, vijana?" Tukajibu poa. Akanuna, akauliza shikamoo tumeiacha wapi.

Hapo nikaanza kuwadharau rasmi.

Kisha wakamwita mume wangu mbele. Mwaka jana wao ndio walioagiza kitalu chake kando ya soko king'olewe, miche ya parachichi aliyoipandikiza kwa ile mikono yake mizuri. Eti vijana tunachafua mandhari. Leo mwenyekiti akamnyooshea jani la isale, huku mpiga picha amejiweka tayari.

Kwetu Wachaga isale ni kuomba msamaha, na majirani zetu Wameru wanaliheshimu vilevile. Halikataliwi. Ukilipokea umesamehe, shauri limekwisha. Lakini anayelileta hutaja kwanza kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe.

Walinzi wa desturi walisahau hilo tu.

Nikapiga hesabu haraka. Akilipokea, hawezi tena kudai eneo lake. Akilikataa, ukoo mzima utasema hana adabu, na lawama zitanirudia mimi mke mgeni.

Eli akainamisha kichwa, akamwamkia mzee vizuri kabisa. Kisha akauliza taratibu, "Mzee wangu, unaniomba msamaha kwa kosa gani?"

Mwenyekiti akamtazama mpiga picha. "Kwa yote kwa ujumla, mwanangu."

"Basi nitakusubiri ukumbuke hata moja, baba. Nyumbani kwangu unapafahamu."

Akarudi kusimama kando yangu. Ningeweza kumbusu palepale mbele ya kata nzima! Mama mmoja muuza ndizi akanigusa bega, akauliza, "Mdogo wangu, huyu ulimpata wapi? Hana kaka?"

Kaka hana. Nimemaliza mimi.

Sasa wazee wamerudi makwao, nasikia wanalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawaeleweki. Kumbe tunaeleweka sana. Walihitaji maneno matatu tu: tuling'oa miche yako. Wangeyasema, pengine hata mimi, na midomo yangu hii, ningewafikiria.

Hawakuweza. Eneo hatuna bado, na kesho baada ya ibada tutaanza upya na makopo ishirini ya miche hapa uani. Kura yangu nitakaa nayo mwenyewe.