Risasi za Mkono wa Mwingine

Darby, Montana
14 Septemba 1987

Kaka Lowell,

Huku hatujambo, ila goti langu limeanza kulalamika tangu baridi ishuke. Shemeji yako anakusalimu. Mimi nakusalimu kwa sababu yeye kanisimamia hapa.

Risasi zako zimefika, na sikuziomba. Tangu tumzike Baba hatusemezani; mimi nilichukua bunduki yake, wewe ukabeba kalibu zake za kutengenezea risasi, na risasi za bunduki ile haziuzwi popote. Leo ghafla umekuwa mwema? Nimegeuza kitako cha moja, nikakuta mhuri wa bunduki nyingine kabisa. Binti yangu Corliss ndiye atakayeishika bunduki ya Baba, awinde kulungu wake wa kwanza, shavu lake palepale baruti inapowaka. Na Baba alituambia tusipige risasi iliyojazwa na mkono wa mwingine, hata awe mchungaji.

Sema, unataka nini?

Mdogo wako,
Harlan

Salmon, Idaho
22 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako ilinikuta mzima; baada ya kuisoma, sijui. Pole kwa goti.

Mhuri ni wa ganda la awali, ewe bingwa. Maganda ya bunduki ya Baba hayatengenezwi tena, kwa hiyo nilichukua ya bunduki kubwa zaidi, nikayalainisha shingo kwa moto, nikayabana kwenye kalibu, nikakata urefu uliozidi. Mhuri haufutiki. Baba alifanya hivyohivyo, ila wewe ulikuwa mtoni na ndoana yako.

Nilisikia bunduki yake imetundikwa tu ukutani. Iliniuma. Basi.

Kaka yako,
Lowell

Darby
1 Oktoba

Kaka,

Huku salama, theluji imeshika vileleni. Nimemuuliza jirani yetu Orville, anayejaza risasi zake mwenyewe. Anasema ganda likibanwa, shingo huwa nene. Isipopunguzwa, kichwa cha risasi hukwama na bunduki humpasukia mtu usoni. Wewe umetaja moto, kubana, kukata. Shingo hukutaja kuipunguza. Umesahau, au?

Risasi nimezifungia kabatini. Corliss hasemi nami.

Harlan, mdogo wako

Salmon
8 Oktoba

Harlan,

Salamu nitazitoa nikifika. Shingo nilizipunguza zote. Sikujua naandikia mahakama. Ungenidhania mwizi ningecheka. Umenidhania naweza kumuua mtoto wako.

Jumamosi ya wiki ijayo nakuja. Risasi ya kwanza nitapiga mimi, kwa shavu langu. Ninyi simameni nyuma ya gari.

Kaka yako

Darby
13 Oktoba

Kaka yangu,

Naomba barua hii ikuwahi kabla hujavuka mlima. Sisi wazima, na mimi mwenyewe mzima, nalisema hilo kwa sababu leo asubuhi nimepanda korongoni na bunduki ya Baba. Nilikuogopa wewe kuliko baruti. Nikapiga. Ganda likatoka laini, shingo safi. Nikakaa chini nikalia.

Sikutaka ufike unikute bado nalisubiri shavu lako. Nisamehe.

Njoo hivyohivyo, na kalibu uzibebe. Ganda nililopiga limo humu kwenye bahasha. Lijaze tena kwa mkono wako. Hilo ndilo atakalopiga Corliss.

Mdogo wako,
Harlan