Kichwa cha Tatu Ukutani

Ngoingwa, 11 Machi 2024

Kiama mtoto wangu,

Habari ya Mwihoko? Kile kikohozi cha thinner ya rangi kimepoa? Mimi niko, magoti tu ndiyo yananisumbua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu unasema "niko sawa, mum" halafu unakata. Karatasi huwezi kuikata.

Nelima, huyu jirani anayeuza viatu vya mitumba, alirudi jana kutoka Ruiru akihema. "Mama Kiama, nimemwona Githae!" Nikaacha ugali jikoni ukaungua. "Wapi?" "Gatongora, kwa ukuta wa kinyozi."

Ngai! Kumbe ni picha uliyochora wewe. Kiama, ndugu yako amepotea miaka saba, na wewe unamfanya tangazo la nywele? Watu wanamnyooshea kidole, ati nikate kama huyo? Hukufikiria nitasikia vipi?

Nijibu. Karatasi mpe Nelima.

Mama yako


Mwihoko, 14 Machi

Sasa mum,

Pole na magoti, pakaa ile dawa nilituma. Kikohozi kipo, lakini nafunga leso mdomoni nikichora.

Si tangazo. Kinyozi akiniita nimchoree vichwa vinne, cha tatu huwa Githae. Nimemchora kwa kuta kumi na moja sasa. Najua hapendi kanisa, na polisi hawezi kuwakaribia, lakini unakumbuka vile alikuwa na nywele zake? Wiki mbili zikipita lazima anyolewe. Kama ako Ruiru hii, siku moja ataketi chini ya uso wake. Namba yangu ya simu iko pale chini. Watu wanafikiria natafuta kazi.

Sikukuambia kwa sababu jina lake likitajwa unatoka nje.

Mwanao,
Kiama


Ngoingwa, 25 Machi

Kiama,

Natumai umekula. Hapa tuko, mvua imeanza.

Jumamosi nilimwambia Nelima anipeleke Gatongora kwa huo ukuta. Nilisimama pale mpaka kinyozi mwenyewe, Calvince, akatoa kiti. "Mathe, leo tunakupiga denge?" Nikacheka, halafu nikalia. Maskini, akazima mashine.

Umejua kuchora, mtoto wangu, na hakuna mtu alikufundisha. Na mimi nilikuchapa ukichora kwa mkaa ukuta wa jikoni. Lakini umekosea. Ile alama ya mabati, inayokata nyusi ya kushoto, iko wapi? Calvince anasema wateja hawataki kichwa chenye kovu. Mwambie wateja wake watafute urembo, mimi natafuta mtoto. Na huyo umechora ana miaka kumi na tisa. Mwongeze miaka, umpunguze mashavu.

Kitu kingine, na usinipigie simu juu yake. Siku Githae aliuza mtungi wetu wa gesi, wewe ulikuwa kazini. Nilimwambia mbele ya wapangaji wa plot nzima, "Hapa si kwenu." Akaniangalia, akachukua jaketi. Nilipakua chakula chake jioni. Nilijua atarudi kula.

Ndiyo maana jina lake likitajwa mimi natoka nje.

Mama yako


Mwihoko, 2 Juni

Mum,

Habari ya siku nyingi? Nelima aliniambia umekuwa ukiuliza barua kila jioni. Nilikuwa narudia kuta, naweka kovu. Vinyozi wawili walikataa, wakabandika picha za kuchapishwa. Tisa walikubali.

Mum, keti kwanza.

Alhamisi mtu aliingia kwa Calvince na kofia. Akaangalia ukuta mpaka zamu yake ikapita. Calvince akamuuliza, "Boss, nikukate kama huyo?" Akajibu, "Huyo ni mimi wa zamani. Toa zote." Alipovua kofia, kovu lilikuwa pale pale.

Calvince akamwambia, "Aliyekuchora ni Kiama. Namba ndiyo hiyo, piga." Akasema, "Kiama hana shida na mimi. Ni mathe. Nilirudi kwetu Thika, nikapata plot yetu imebomolewa, kumejengwa flats. Nikajua hata yeye alihama nisimpate."

Calvince alienda kuchukua simu anipigie. Kurudi, kiti kiko wazi, kitambaa kimekunjwa vizuri.

Nimemtafuta siku tatu, Gatongora yote. Sijampata. Alikuwa mwembamba, Calvince anasema, lakini viatu vilikuwa safi.

Mwanao,
Kiama


Ngoingwa, 3 Juni

Kiama wangu,

Sikuulizi hali leo. Nelima anangoja mlangoni, karatasi hii ifike leo hii.

Mimi nimhame Githae? Mwenye plot alitutoa kwa notisi ya wiki mbili tu, na mimi nikaenda kila duka pale nikiwaambia, akija kijana mwenye kovu mwonyesheni nilikohamia. Hayo maduka pia yalibomolewa.

Sasa sikia. Usimchore tena. Yeye anajijua. Kitu hajui ni nyumba. Kwa ukuta wa Calvince, kando yake, chora hii ya sasa: geti la bluu, tangi jeusi, ule mparachichi wa jirani ulioangukia ukuta wetu. Andika ni nyuma ya shule ya chekechea, Ngoingwa. Mlango uchore wazi.

Unichore mimi nikiwa hapo. Usinifanye mrembo. Nywele nyeupe, mgongo vile uko. Asije akanipita akifikiria ni mtu mwingine.

Na juu, kwa zile herufi zako kubwa za kusomeka ng'ambo ya barabara, andika HAPA NI KWENU. Usiandike kwamba nimesema pole. Hiyo nitamwambia mwenyewe.

Rangi ya bluu ikiisha, uza kuku wangu.

Mama yenu