Nadhiri za Ndevu Mtaani Kwetu

La Cuesta de San Roque,
Tarehe 26 Agosti, 1879

Mpendwa Kaka Evaristo,

Naomba barua hii ikukute mzima, na joto la Maracaibo liwe limekuachia nguvu za kuisoma hadi mwisho, maana leo nina mengi. Nicolasa anaendeleaje? Miguu imepungua kuvimba? Mwambie akilala aiinue juu ya mto, na asiwasikilize wanawake wa pwani wanaomnywesha kila jani wanalochuma. Sisi huku hatujambo. Baba anakula vizuri, Shangazi Benilda bado anagombana na kuku wa jirani, na mimi nina afya yangu, namshukuru Mungu.

Barua yako ya Juni niliipata. Nilimsomea baba yote, isipokuwa pale uliposema kwamba ukisikia mkono wake umezidi kutetemeka utaaga kazi kwa Wajerumani wako wa kahawa, urudi kushika kiti. Pale niliparuka. Nisamehe kwa hilo. Kiti cha kinyozi ni chako, wewe ndiye mzaliwa wa kwanza, na hapa hakuna aliyewahi kusema vingine. Ndiyo maana nataka nikueleze mimi mwenyewe nani anasimama nyuma ya kiti hicho sasa, kabla waendesha nyumbu hawajakufikishia habari kwa namna yao.

Lakini nikianza moja kwa moja utasema sijakupa habari za mtaa. Haya. Bwana Plácido, mwandishi wa hati, amenunua miwani, na sasa anagundua makosa katika hati alizoandika miaka kumi iliyopita, na kila wiki anamwita mtu aje kusaini upya. Fundi cherehani ameleta mashine kutoka Curaçao. Inapiga kelele hata mbwa wamehama upande ule, lakini suruali inakwisha kwa siku moja. Mjane Sagrario wa mkate amefungua tanuri la pili. Daktari mwenye cheti tuliyeahidiwa alifika Februari, akatazama njia ya mlimani, akalala usiku mmoja na kuondoka. Kwa hiyo ukiumwa hapa bado ni Bwana Abelino wa duka la dawa, na ukitaka kuonekana mtu mbele za watu bado ni baba.

Au tuseme ilikuwa hivyo mpaka Mei.

Mkono wa baba ulianza kutetemeka mwaka jana, hilo nilikuandikia. Sikukuandikia jinsi ulivyozidi. Kung'oa meno aliacha kwanza, akasema koleo limechakaa. Kisha ruba wa kutolea damu akawapeleka kwa Bwana Abelino, akasema wanahitaji maji ya baridi zaidi. Kunyoa hakuacha. Kila Jumamosi wanaume walikaa kwenye benchi kama kawaida, wakisubiri zamu na kusengenya, na aliyeitwa kitini alikwenda huku akijikaza.

Jumamosi moja baba alimkata Bwana Abelino chini ya sikio. Si kidogo. Nilikuwa ndani nanoa nyembe, nikasikia yote.

“Nimekukata, Abelino,” baba alisema.

“Hujanikata wewe. Nimepiga chafya.”

“Hukupiga chafya.”

“Nilitaka kupiga.”

Akajifuta kwa taulo letu, akapaka jeraha dawa yake mwenyewe, akaagana vizuri na kila mtu. Jumamosi iliyofuata alisimama mlangoni na ndevu za wiki nzima. “Fundi Hermógenes,” akasema, “leo sinyoi. Nina nadhiri kwa San Roque.”

Wewe unajua kwetu mtu akikuambia ana nadhiri ya ndevu kwa mtakatifu wetu, yaani hanyoi mpaka itimie, humwulizi ya nini. Kumwuliza ni kumharibia. Unainamisha kichwa, unamwombea, basi. Baba aliinamisha kichwa. Sidhani kama ipo njia nyingine ya kumkwepa kinyozi wa mji huu bila kumtukana, na Bwana Abelino alikuwa ameipata.

Wiki ile ile Críspulo, fundi wa matandiko ya farasi, naye akawa na nadhiri. Kisha Bwana Plácido na miwani yake. Kisha wale ndugu watatu wa kinu cha ngano, wote pamoja. Kufika mwisho wa Juni mji ulikuwa na ndevu kama mji wa manabii. Waliendelea kuja Jumamosi, kaka, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Walikaa kwenye benchi, wakaleta mkate wa Sagrario, wakacheka na baba, na kiti kikabaki kitupu mbele yao. Kila mmoja alifanya hivyo kwa wema. Na kwa wema ule walikuwa wanalifunga duka letu.

Baba naye akaacha kujinyoa. Niliona siku ya tatu, nikadhani anaogopa kujikata. “Na mimi nina nadhiri,” akaniambia, hakuniangalia. Sikumwuliza.

Jumapili ya mwisho ya Julai, Padre Lucindo alipanda mimbarini huku uso wake unang'aa. Alisema mwaka jana wenye nadhiri ya ndevu walikuwa wawili, na mmoja alikuwa mpita njia. Mwaka huu amehesabu thelathini na mmoja. Alisema hajaona imani ya namna hii tangu apewe upadre. Bendi ya tarumbeta itakodiwa kutoka mji wa bondeni, na siku ya San Roque, tarehe kumi na sita, wote wataondoa nadhiri zao uani mwa kanisa, mmoja baada ya mwingine, mikononi mwa Fundi Hermógenes, kama ilivyokuwa enzi za babu. Natamani ungeona nyuso zao. Walianza kutazamana ndevu, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kila mmoja alipozihesabu za wenzake.

Mchana Bwana Abelino alikuja kwa mlango wa jikoni.

“Remigia, mwanangu, tumeharibu.”

“Mmeharibu nini?”

“Mimi nilidhani ni mimi peke yangu. Nilipanga nishuke bondeni kabla ya sikukuu, ninyolewe kule, nirudi niseme nadhiri imekwisha. Críspulo naye alipanga hivyo hivyo. Plácido naye.”

“Yaani mji mzima umemdanganya mtakatifu ili msimwambie baba ukweli?”

“Ukisema hivyo inasikika vibaya.”

“Inasikika ilivyo.”

Alikaa kwenye kigoda, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Nilimkasirikia, na papo hapo nikamhurumia, kwa sababu lile kovu chini ya sikio lake lilikuwa bado jekundu na yeye hajawahi kumwambia mtu limetoka wapi. Akasema, “Wewe unaweza kunyoa. Ulimnyoa marehemu kaka yangu kitandani, akazikwa kama bwana harusi.”

Ni kweli, kaka. Tangu uondoke ni mimi ninayekwenda majumbani kuwanyoa wagonjwa na maiti. Hakuna anayeona ajabu mwanamke kumnyoa mtu anayekufa. Ajabu ni kumnyoa mtu mzima anayeketi kitini, mlango ukiwa wazi, watu wanapita. Nilimjibu Bwana Abelino kwamba siwezi kumnyang'anya baba wembe mbele ya mji. Kama wanataka anipe, wakamwambie wenyewe. Akaahidi watamwambia. Karibu wiki tatu zilipita, na kati ya wanaume thelathini na mmoja hakupatikana mmoja.

Siku ya San Roque baba aliamka mapema akavaa koti jeusi. Nyembe zote tano alizipitisha kwenye mkanda wa kunolea mwenyewe, polepole, hakutaka nimsaidie. Mimi nilibeba beseni na brashi. Uani kiti chetu kilikuwa kimewekwa mbele ya sanamu ya mtakatifu, wenye nadhiri wamejipanga mstari, wake zao nyuma yao wengine wanasali kabisa. Wa kwanza alikuwa Bwana Abelino. Kabla ya kukaa alifanya ishara ya msalaba, na baba alimwona.

Baba alimpaka povu. Hapo naomba unielewe, kaka, maana wewe umefanya kazi hii: sijawahi kuona povu kama lile. Mkono ule unaotetemeka uliigeuza sabuni ikawa povu zito, jeupe, limesimama shavuni bila kudondoka. Kisha akaweka brashi, akafungua wembe wa babu, ule wenye mpini wa pembe. Baba aliuinua mkono wake akautazama, akausubiri utulie. Tulisubiri sote pamoja naye. Haukutulia.

“Remigia,” akasema. “Shika.”

“Baba?”

“Nimesema shika. Abelino ana roho mkononi tangu Mei. Mwache apumue.”

Watu walicheka, na wengine katika kucheka wakalia. Mimi nilikuwa mmoja wao. Ndipo Críspulo akapaza sauti kutoka kwenye mstari, “Sasa tutanyolewa na mwanamke, tena mlangoni mwa kanisa?”

Shangazi Benilda hakungoja apumue. “Wewe si ulikuja hapa tayari kukatwa koo? Sasa kunyolewa vizuri ndiko kunakokutia aibu? Kaa kwenye mstari, Críspulo, au nenda na hizo ndevu mpaka mwakani.”

Alikaa kwenye mstari.

Niliwanyoa wote, kaka. Thelathini na mmoja. Baba akapaka povu, mimi nikapitisha wembe, na kufikia wa tano hatukuhitaji kusemeshana. Kwa watatu wa kwanza mkono wangu ulikuwa mzito kwa hofu. Baadaye nilisahau watu wananitazama. Sikumkata hata mmoja, isipokuwa mdogo wa wale wa kinu, na huyo alipiga chafya kweli.

Padre Lucindo si mjinga. Alisimama pale akiangalia mikono ya baba, kisha ndevu zilizorundikana miguuni pa mtakatifu, na niliona anapiga hesabu yake. Kesho yake wote waliitwa kuungama, na adhabu waliyopewa ni kuezeka upya paa la kanisa. Wapo juu sasa hivi ninapoandika, nyuso nyeupe kama mayai, wanalaumiana nani alianza.

Mtu wa mwisho alipoinuka nilianza kuosha nyembe. Baba akavua koti, akalikunja, akanipa. Akaketi kitini. Tangu babu afariki hakuna mkono mwingine uliogusa uso ule. Watu walikuwa wanaondoka, bendi inafunga vyombo, na yeye amekaa ameinua kidevu anasubiri kama mteja yeyote. Nilimpaka povu mwenyewe. Halikuwa zuri kama lake, na aliniambia hivyo.

Nikamwuliza, “Ulikuwa unajua?”

“Mtu mmoja akiweka nadhiri, nasema ana shida zake. Mji mzima ukiweka, shida ni mimi.”

“Mbona ulinyamaza?”

“Walikuwa wananipenda. Nitaanzaje kumwambia mtu aache?” Kisha akafumba macho. “Ila nadhiri yangu mimi ilikuwa ya kweli. Nilimwomba San Roque mkono unaofaa kazi. Sikumtajia uwe wa nani.”

Nilishindwa kuendelea. Alinisubiri mpaka mkono wangu ukatulia, kama tulivyousubiri wake, na hakunihimiza. Kisha nikamnyoa. Chini ya ndevu amekonda, kaka, amekuwa na uso wa babu. Ningependa uje uuone uso huo ukiwa bado na nafasi, mtoto akishazaliwa na Nicolasa akiweza kupanda nyumbu.

Lakini usije kwa ajili ya kiti bila kusikia hili kwanza. Tangu siku ile duka liko wazi. Jumamosi iliyopita benchi lilijaa, baba anapaka povu na kuongea, mimi nanyoa. Wapo wawili watatu wanaoshuka bondeni kwa sababu yangu, waende salama. Baba amenipa wembe wenye mpini wa pembe na kusema nikuandikie, asije akaonekana amekunyima chako. Ameniambia niandike kwamba ninashika kwa muda tu, mpaka urudi. Hayo ni maneno yake ya kukuheshimu, nami nimeyaandika. Yangu ni haya: nakitaka kiti hiki. Sikitaki kwa kukusaidia wala kwa kumsaidia baba. Nilikitaka tangu tukiwa wadogo, wewe ukifundishwa kunyoa na mimi nikifundishwa kunoa, na sikuwahi kusema.

Shangazi Benilda anakusalimu na anauliza kama kule pwani mnakula mkate wa ngano au mmekwisha kuwa watu wa mahindi. Bwana Abelino anamtumia Nicolasa mafuta ya miguu, yamo katika furushi pamoja na jibini la moshi, usiyachanganye. Bwana Plácido anakusalimu na kusema cheti chako cha ubatizo kina kosa. Baba anakubariki, wewe na mkeo na yule anayekuja, na mimi nawaombea kila siku Mungu awakinge na homa za ziwani.

Nijibu upesi, na unijibu la moyoni. Ukinyamaza kwa kunionea huruma nitajua, nimeishi miezi mitatu katikati ya huruma ya namna hiyo. Kama unakitaka kiti, kaka, sema unakitaka, tutazungumza kama watoto wa baba mmoja. Usiniwekee nadhiri.

Dada yako akupendaye siku zote,

Remigia Briceño