Kadi ya Mbwa Wako Haitaandikwa Upya

Baba Nafula, wewe uliyehamia Likuyani,

Shemeji, ndugu yako mdogo, alifika hapa Ekero Jumanne na ujumbe wako. Nilimkaribisha vizuri, nikamchinjia ingokho, kuku mzima, kwa sababu yeye hana kosa. Firigisi peke yake sikumpa. Unajua firigisi ni ya mwenye boma, na katika boma hili siku hizi inaliwa na daktari. Aliitafuta kwa mchuzi mpaka akachoka, ndipo akatoa neno: unataka kadi ya matibabu ya mbwa wako iandikwe upya. Pale chini palipo na "Daktari: Nafula Rosa" uandikiwe "Daktari: Nafula Makokha", kwa maana majirani wanaisoma na kukuuliza kama huyo kweli ni mtoto wako.

Najua wewe barua husomangi mpaka mwisho. Ndiyo maana hii naiandika wazi. Anayejua kusoma huko akusomee, na asiruke mahali.

Unamkumbuka Tomi? Mimi namkumbuka, na nitakuwa mkweli: ni wewe uliyemleta. Ulitoka kubeba miwa na trekta, mvua imekunyeshea, ukafungua koti na kichwa kidogo kikachungulia. Ukamwambia Nafula, "Nimekuletea askari." Alikuwa na miaka kumi. Siku hiyo nilikupenda, Makokha, sitadanganya watu.

Halafu Tomi akashikwa na upele. Nywele zikamtoka masikioni na kwenye viwiko, ngozi ikawa nene kama ya miguu ya kuku, akawa anajikuna mpaka damu inatoka. Wewe ulikuwa na dawa yako, ile ambayo madereva wote wa trekta huku waliiamini: oili chafu ya injini. Ulimpaka kwa kitambaa kutoka pua hadi mkia, mbwa mwekundu akawa mweusi. Majirani wakakusifu. Mimi pia nilikusifu, nilikuwa nimeshika mkebe.

Lakini mbwa hujiramba. Usiku ule akatapika, kesho yake akatetemeka, siku ya tatu tukamkuta amelala chini ya ghala, macho wazi. Nafula hakulia kwanza. Alikuuliza, "Baba, mbona dawa ya ngozi imeua tumbo?" Mtoto wa miaka kumi! Walimu hawakuwa wamemfundisha hilo. Na wewe ulimjibu nini? "Mbwa ni mbwa. Nitaleta mwingine." Hukuleta. Hata pole hukusema. Alimzika peke yake kando ya miwa, kwa jembe langu la kupalilia.

Mimi pia nina yangu, sijifanyi malaika. Yule paka wetu wa ghala alipokuwa anapiga chafya, nilimvunjia nusu ya kidonge changu cha kichwa nikamtilia kwa maziwa. Jioni ufizi wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na hakufika asubuhi. Miaka mingi baadaye, Nafula akiwa chuo kikuu, aliniambia, "Mama, dawa hiyo ya watu ni sumu kwa paka. Hata kipande." Nilikaa chini nikalia, nikamwambia, "Pole, mwanangu. Sikujua." Imenipunguzia nini? Hakuna. Neno ni moja tu, na wewe umelikalia miaka yote hii.

Sasa tufike siku ile ya wajomba. Nafula amemaliza kidato cha nne, ameitwa chuo kikuu kusomea udaktari wa wanyama. Nimepika, nimevaa, nangoja upige makofi. Wewe ukasimama mbele ya ndugu zangu na zako ukasema, "Nisomeshe mtu aende kufinya matumbo ya paka? Jina la Makokha halitaandikwa kwa mambo ya mbwa!" Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Kabla mahindi hayajakauka ukawa umehamia Likuyani kwa yule mama mwenye shamba kubwa.

Basi Nafula alikutii. Nani atasema mtoto wangu hana adabu? Alienda kwa wakili, akaapa, akaondoa jina lako kwa makaratasi yake na kuweka langu, Rosa. "Baba hataki jina lake liguse mbwa," alisema, "basi tusiliguse." Mimi niliyeishia darasa la saba, jina langu likaenda chuo kikuu! Nilipalilia miwa ya watu mpaka Mayoni, mgongo ukawa kama mundu, lakini siku aliyovaa ile kofia bapa nilipiga vigelegele mpaka mlinzi akaniomba nikae. Sikukaa.

Na mwezi wa tatu mwaka huu, simu ikalia. Mbwa wako Bosko haamki. Umesikia kuna daktari Ekero anayeponya mbwa waliokatiwa tamaa. Hukujua ni nani. Nafula aliitambua sauti. Mimi nilimwambia, "Mwache afe, na yeye aonje." Mtoto akanitazama tu, akisema, "Mama, Bosko amenikosea nini?" Akachukua mkoba. Na mimi nikachukua kitenge changu kipya, kwa sababu uso wako siku hiyo singeukosa hata kwa dawa.

Ulitukuta langoni, kofia ukaivua kwa ajili ya daktari, kisha ukaona mimi nyuma yake. Ah, Makokha! Ulifungua mdomo kama samaki. Majirani walikuwa wamejaa, mmoja akisema Bosko amerogwa, mwingine ni sumu ya adui yako wa mpaka wa shamba. Nafula hakubishana na mtu. Alipiga magoti, akainua mdomo wa mbwa, akaona ufizi mweupe kama unga wa obusuma, ule wa ugali. Akampima joto. Akaingiza kidole nyuma ya sikio, akatoa kupe mnene kama punje ya mahindi, akamwonyesha yule wa uchawi: "Mchawi ndiye huyu." Watu wakacheka, na safari hii si wewe uliyecheka.

Alivuta damu kidogo, akaitazama kwa hadubini ndogo aliyoitoa mkobani, akatoa jibu: homa ya kupe. Sindano moja siku hiyo, na vidonge kila siku kwa wiki nne. "Hata akionekana amepona, usiache," alikuambia. "Chanjo ya kichaa cha mbwa leo simdungi, mwili wake hauna nguvu. Akipona nitarudi." Halafu akaona mkebe wa oili chafu karibu na kibanda cha mbwa. Sote tuliuona.

"Hii ni ya nini, mzee?"

Ulinong'ona, "Nilikuwa nataka nimpake kwanza... kupe watoke."

Nafula aliushika ule mkebe, akautazama, akauweka mbali na mbwa. Akasema polepole, "Hii ni ya trekta." Basi. Nilingoja useme jina la Tomi. Nilikuhesabia pumzi. Badala yake ukageukia majirani, ukapiga kifua: "Mnaona? Huyu ni damu yangu!"

Ndipo mtoto wangu akatoa kadi na kalamu, akauliza vile anavyouliza kila mteja:

"Jina la mwenye mbwa?"

Ukalisema, kwa sauti ndogo. Akaliandika kwa hati nzuri.

Bosko alipona. Nasikia sasa anabweka mpaka mto wa pili. Nafula alirudi akamdunga chanjo, akajaza kadi, na wewe umeitundika ukutani karibu na kalenda. Na sasa inakuuma.

Sikiliza, Makokha. Nilimuuliza Nafula mwenyewe kabla sijaandika, usiseme ni maneno ya mama mchungu. Alisema, "Kadi haina kosa lolote. Daktari ni mimi, na mwenye mbwa ni yeye." Mimi naongeza langu. Uliapa mbele ya wajomba kwamba jina lako halitaandikwa kwa mambo ya mbwa. Liangalie hapo ukutani. Limeandikwa, kwa wino, na mwanao mwenyewe, juu ya mistari ya kupe na minyoo. Jina la mpalilia miwa ndilo liko mahali pa daktari.

Ukitaka kuanza mahali, usianzie kwa kadi. Kaburi la Tomi liko pale pale kando ya miwa, na Nafula anapita hapo kila jioni akitoka kazini. Neno ni moja, na halihitaji shemeji wa kulibeba.

Na chanjo hurudiwa kila mwaka. Mwaka ujao mlete Bosko, hatutamfukuza, yeye hana deni na mtu. Utapanga foleni na wengine, na ukifika mbele utaulizwa tena jina la mwenye mbwa. Useme kwa nguvu, mimi nitakuwa nimekaa pale mlangoni.

Kaa salama, na funga ule mkebe.

Ni mimi, mama yake Daktari