Taa za Amplifaya ya Baba Devota

Jumatatu, 3 Juni

Kola za sare tena. Kutwa nzima mimi na cherehani, Baba Devota na amplifaya. Nyumba ina mashine mbili, inayoleta unga ni moja.

Anasema taa zimechoka. Amplifaya hii si kama za madukani. Ndani ina vichupa vya kioo, viwili vikubwa na viwili vidogo. Ukiwasha, unasubiri viwe vyekundu kama kaa, ndipo sauti inakuja. Vinaitwa valvu, sisi tumezoea kuviita taa. Bruda mmoja wa misheni alimwachia aliporudi kwao, shukrani ya kumtunzia jenereta miaka yote. Wenzake waliachiwa baiskeli. Baiskeli zilishakufa, kwa hiyo huwa sisemi kitu.

Sauti, anasema, imekuwa ya mtu aliyejifunika blanketi. Nimesikiliza. Blanketi sijaliona.

Alhamisi, 6 Juni

Kaipiga ile kanda asubuhi mpaka ugali ukaiva. Ni ya kwaya ya parokia, tulirekodi wenyewe tukiwa vijana, kabla sijawa mama wa mtu. Kinanda anapiga Oresti, ndiye huyu Baba Devota. Kayamba napiga mimi. Mambo yetu yalianzia hapo. Alikuwa anakimbiza mwendo makusudi ili nigeuke nimtazame kwa hasira. Niligeuka. Padri alimwonya mara nyingi, mimi sikumwonya hata mara moja.

Leo akazima, akasema kinanda kipo, besi zipo, kayamba hazipo. Zimekwenda wapi?

Nilikuwa napiga pasi. Nilizisikia zote, hata pale ninapokosea ubeti wa tatu.

Nikamjibu labda ni taa.

Uoga tu. Sina jina lingine.

Jumapili, 9 Juni

Kuchagua taa kumbe ni kazi kuliko kuchagua mwenyekiti wa mtaa. Wagombea ni watatu.

Kwanza za Kichina, mpya kabisa. Devota, binti yetu, anaweza kuzinunua huko Mwanza na kuzituma kwa basi.

Pili za Ulaya, za zamani lakini hazijawahi kuwashwa. Ziko kwa jamaa mmoja Dar, katuma picha. Nikamwonyesha Oresti kwamba picha hiyo hiyo alitumiwa mwezi uliopita na muuzaji mwingine, mpaka chungwa lililo pembeni ni lile lile. Huyo mgombea kaondolewa.

Tatu ni za Mzee Bukuru wa kijiji cha Litapunga. Ana redio kubwa ya mbao aliyokuja nayo kutoka Burundi, akiwa kijana ameibeba kichwani. Ilishakufa. Sasa kuku anatagia ndani. Oresti alikwenda kusoma namba zilizoandikwa kwenye vioo, ikabidi kwanza amwombe kuku radhi. Namba ndizo zenyewe. Mzee amesema zichukuliwe bure, ila mayai yasubiriwe yaanguliwe.

Nimemwona Oresti akirudi, baiskeli anaikokota, uso unang'aa. Zamani alikuwa anarudi na uso huo mazoezini.

Jumatano, 19 Juni

Za Kichina zimefika. Kazitoa kwenye boksi kwa kitambaa safi, kama anambeba mtoto wa mwenzie. Hazishikwi kwa vidole, jasho linaharibu kioo. Kanieleza hayo mwaka hata mwaka, na mimi kila mara nashangaa upya. Ndoa inataka hivyo.

Akawasha. Tukasubiri. Wimbo ukaanza, na kayamba zangu zikaja kali ajabu, mchele unamwagwa juu ya bati. Sijawahi kujisikia vizuri hivyo. Nikajikuta natabasamu peke yangu.

Oresti alikuwa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema za Kichina ni za Kichina tu.

Tangu hapo namchunguza. Kazi hii naiweza, mafundi cherehani tunaishi kwa kutazama watu. Vifaranga wakilia nyuma ya mlango, hageuki. Simu yake inaimba, anashituka pale tu inapotetemeka mezani. Mbu anamzunguka sikioni, yeye analala usingizi wa malaika. Nilikuwa nadhani ana dhamiri safi.

Taa hazina kosa. Ni masikio. Sauti nyembamba zimemtoka, nzito zimebaki.

Na katika kanda ile sauti nyembamba ni mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Siwezi kumwambia. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kumwambia chumvi imekwisha. Mara ya pili chumvi ilikuwepo, nikamwambia imekwisha vile vile.

Huyu ni mtu aliyeishi kwa masikio. Jenereta ya misheni alikuwa anaitambua ugonjwa akiwa bado getini. Leo nimwambie nini? Kwamba mkewe anapiga kayamba sebuleni kwake na yeye hasikii?

Nimepata njia. Leo Mihayo kapita na asali yake ya kuuza. Mihayo ni Mnyamwezi, Oresti ni Mfipa, hawa ni watani tangu mababu. Mtani anakwambia lolote. Anaweza kulala kwenye kaburi la baba yako akidai ni kitanda chake, au akaondoka na jogoo wako mchana kweupe, na ukinuna mwenye kosa ni wewe. Neno ambalo mke hawezi kulitoa, mtani analitoa huku anakunywa chai yako.

Nikamweleza yote. Akawa mpole ghafla, sikumzoea hivyo. Akasema, shemeji, niachie mimi, kesho baada ya misa. Kisha akachukua jogoo. Nikanyamaza, ndiyo sheria.

Jumapili, 23 Juni

Akaja. Akakaa. Akasikiliza kanda mpaka mwisho, chai inapoa. Ndipo akasema:

"Mfipa, taa zako nzima. Masikio ndiyo yameungua."

Oresti alicheka mpaka akashika mbavu. Akamjibu kwamba afadhali yake yaliyoungua, ya Wanyamwezi yaliliwa na nyuki zamani, ndiyo maana wakiitwa kulima hawasikii. Mihayo akarudia, safari hii kwa uso wa msibani. Oresti akacheka zaidi, machozi yakamtoka. Jioni nimemsikia anamhadithia jirani ukutani: jamani, mtani wangu leo kaniweza.

Mihayo aliniaga mlangoni bila mzaha. "Shemeji, nimeshindwa. Nimemtania miaka yote, leo nasema kweli atanijuaje?"

Kosa ni langu. Nilituma ukweli kwa mtu ambaye kazi yake ni kutosema kweli. Na jogoo hajarudi.

Ijumaa, 28 Juni

Mayai ya Litapunga yameanguliwa. Taa za Bukuru ziko kwetu, zimefutwa vinyesi, zimepachikwa.

Sauti nyingine kabisa. Besi zimejaa chumba, nilizihisi kwenye mbao za kiti. Kinanda kimekuwa kinene, kama uji ulioiva. Kayamba zimekuwa za nyumba ya tatu.

Oresti alifumba macho. Vidole vyake vikaanza kutembea gotini, vinapiga kinanda. Kwa muda nikadhani tumepona. Kisha akafumbua, akanitazama, akatikisa kichwa.

Nikasema chai hiyo, kunywa. Naogopa mpaka najichukia.

Jumamosi, 6 Julai

Leo nilipeleka sare shuleni. Nikarudi mapema kuliko nilivyoaga.

Nimemkuta mezani, katandika gazeti. Bisibisi ndogo. Pamba. Chupa ya spiriti. Na kanda, skrubu zimeshatoka, kifuniko bado. Akanieleza kwa furaha kabisa kwamba amegundua. Taa za aina tatu na kosa lile lile, basi ugonjwa uko kwenye utepe. Umeshika uchafu. Ataufungua wote na kuusafisha kwa spiriti, pole pole, mpaka kayamba zirudi.

Kanda ni moja. Wenzetu wengi waliomo humo wameshazikwa. Utepe umezeeka, ukiuvuta tu unakatika. Na spiriti sijui itaufanyaje, naye hajui.

Nikaweka kiganja juu ya kanda. Sikupanga.

"Kayamba zipo, Baba Devota. Mimi nazisikia."

Akaniuliza nazisikia na taa zipi. Nikamwambia zote. Za zamani, za Kichina, za Bukuru.

"Tangu lini?"

"Siku zote."

Akaitazama pamba mkononi. Akaziba chupa ya spiriti, akakaza kifuniko mpaka kikalia. Akauliza kama Mihayo alijua. Nikasema nilimtuma mimi. Akauliza jogoo naye. Nikasema ndiyo, jogoo naye.

Hakucheka. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, mgongo kwangu. Nilirudisha skrubu mwenyewe. Moja ikaanguka, nikaitafuta kwa magoti. Nililia kidogo huko chini ya meza, pazuri, hapana mtu.

Jumanne, 9 Julai

Haongei. Si ugomvi. Anasema asante, anasema pitisha chumvi. Amplifaya kaifunika kitenge.

Jana alisimama kwenye kibanda cha vifaranga, kainama sana, kama anachungulia. Hakuwa anachungulia. Alikuwa anajaribu kusikia. Nilirudi ndani kabla hajaniona.

Alhamisi, 11 Julai

Leo asubuhi kavaa shati la misa, akasema twende hospitali. Twende, siyo naenda.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Akamchungulia masikio, akasema nta hakuna, kidonda hakuna. Akamuuliza kazi aliyofanya. Jenereta, miaka mingi, bila kuziba masikio. Binti akaandika, akasema ndiyo hiyo pamoja na umri. Haitarudi. Kuna vifaa vya kuvaa, lakini kwanza akapimwe kwa mashine, hapa haipo, mpaka Mbeya. Tutaona.

Njiani tulimpita Mihayo akiwa anapima asali kwa mteja. Oresti akamwendea. Nilibaki mbali, sikusikia waliyosema. Nikaona tu Mihayo kamshika bega, hakuna aliyecheka. Tulipoondoka akapaza sauti nyuma yetu kwamba jogoo alikuwa mgumu kama Mfipa, meno yanamuuma mpaka leo. Oresti akageuka haraka kumjibu tusi.

Hilo kalisikia vizuri sana.

Jioni kanieleza jambo moja. Kilichomuuma si masikio. Ni kwamba nilikaa naye chumba kimoja, nasikia peke yangu, nikamwacha atafute. Nikamwambia niliogopa. Akasema anajua, chumvi iko paketi nne kabatini.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya misa kaondoa kitenge. Kaweka taa zote mezani juu ya kitambaa, za Kichina kushoto, za Bukuru kulia. Akavuta kiti changu mbele ya spika, chake pembeni.

"Chagua wewe," akasema. "Masikio ya nyumba ni yako."

Tukaanza na za Kichina. Kayamba zikamwagika kama siku ile, safi, kila punje. Msichana yule, mimi wa ujana, anajua kazi, ukiacha ubeti wa tatu. Oresti alikuwa ananitazama usoni muda wote. Anasubiri nimwambie kuna nini.

Tukazima. Tukangoja zipoe. Zinapopoa zinalia tik, tik. Akapachika za Bukuru.

Besi zikaingia kwenye kiti. Kinanda kikaja kinene. Kayamba mbali huko. Nikamtazama Oresti. Hakuwa ananitazama tena. Macho kafumba, vidole vinatembea gotini, na pale alipokuwa anakimbiza mwendo makusudi, vidole vikakimbia.

Nikasema hizi.

Akauliza kama nina hakika. Kayamba zinasikika?

Nikasema kwa mbali. Ni kweli tupu.

Za Kichina nimezifunga kwa kitambaa, nimeziweka kabatini. Tukaendelea kukaa. Akanishika mkono. Wimbo wa mwisho wa upande huo ukaisha, kanda ikazunguka tupu, kisha kitufe kikaruka, tak. Hakusikia. Alikuwa bado kafumba macho, anangoja wimbo unaofuata.

Sikuinuka kwenda kuigeuza. Si hapo hapo.